Mzinga wa resini: mambo ya kufanya kabla hujafungua gundi

Seti ya resini, yaani vipande vya utomvu wa kiwandani vya kuunda mfano mdogo wa silaha au gari la vita, ikifika, gundi iache kabatini. Anza na taa nzuri, karatasi ya maelekezo na beseni. Wengi wanaotoka kwenye seti za plastiki hudhani kazi ni ileile, ila bei imepanda. Hapana. Plastiki hutoka kwenye kalibu ya chuma kiwandani, lakini resini humiminwa kwa mkono ndani ya kalibu ya mpira wa silikoni, na mpira huo huchoka haraka. Kona zinalika, viputo vinaongezeka, na huenda seti yako ilimiminwa siku ambayo kalibu ilikuwa imeshachoka. Basi hesabu vipande vyote na ukague kimoja kimoja. Kikikosekana kimoja, mwandikie muuzaji kabla hujakata chochote, maana ukishakata huna tena cha kumdai.

Nitatumia mfano wa mzinga wa Waingereza wa ratili 25, wa Vita vya Pili vya Dunia, kwa skeli ya 1/35 (mdogo mara 35 kuliko halisi), kwa sababu una kila shida ya resini mahali pamoja. Jina lake ni uzito wa kombora, yaani kama kilo 11.

Kwanza uoshe. Kalibu hupakwa mafuta ili kipande kiachie, na mafuta hayo yakibaki rangi itabanduka pamoja na mkanda wako wa kuzibia rangi. Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki laini, basi. Fanyia kazi hiyo ndani ya beseni, si kwenye sinki, maana mpini wa usukani wa kulengea ukiingia tunduni umekwenda.

Halafu visiki. Kila kipande kina kisiki pale resini ilipomiminiwa, na vingine ni vinene kuliko kipande chenyewe. Usikate kwa koleo. Resini haipindi, inavunjika, na ufa hukimbilia pale usipotaka. Tumia msumeno mwembamba, acha milimita moja hivi, kisha malizia kwa msasa wa maji. Nasisitiza wa maji. Vumbi la resini ni laini mno na halifai kuingia kifuani, kwa hiyo vaa barakoa, lowesha msasa, na futa meza kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia. Hapa sina mjadala na mtu.

Ngao na miguu ya mzinga mara nyingi huja imepinda. Itumbukize kwenye maji ya moto yasiyochemka, subiri ilegee, ilaze juu ya kioo uinyooshe kwa vidole, kisha maji baridi. Mtutu nao ukipinda, binafsi nisingehangaika nao: nunua wa alumini uliochongwa kwa mashine. Kipenyo halisi cha ndani kilikuwa milimita 87.6, kwa hiyo kwenye 1/35 ni milimita 2.5. Chukua biti ya drili ya milimita 2.5 uijaribu mdomoni mwa mtutu. Ikicheza au ikigoma, umeshajua umeuziwa nini.

Gundi ya plastiki haifanyi chochote hapa. Hiyo hufanya kazi kwa kuyeyusha plastiki, na resini haiyeyuki kwayo. Vipande vidogo ni vya supa gluu; vile vinavyobeba uzito, kama ekseli, vitoboe, upenyeze waya wa shaba na gundi ya epoksi. Mashimo ya viputo zibia kwa supa gluu iliyokorogwa na poda ya watoto, lakini piga msasa siku hiyohiyo, kesho yake itakuwa ngumu kuliko resini inayoizunguka.

Sasa vikorombwezo, yaani makopo na masanduku ya kupamba kando ya mzinga, na hapa ndipo pesa zinapopotea. Kabla hujanunua hata kopo moja, amua mwaka na mahali. Mzinga wa Libya 1941 hauna breki ya mdomo, kile kifaa cha kwenye ncha ya mtutu kinachopunguza kishindo cha mzinga kurudi nyuma. Breki ile ililetwa baadaye, baruti ilipoongezwa nguvu kwa ajili ya risasi za kutoboa vifaru. Jangwani mwaka huo petroli ilisafirishwa kwenye madebe membamba ya galoni 4, yaliyovuja vibaya sana. Askari waliyakata, wakajaza mchanga, wakamwagia petroli na kuchemshia chai. Debe moja lililokatwa na kuungua kando ya gurudumu linasema zaidi ya seti nzima ya masanduku. Jerikeni za chuma, ambazo Waingereza waliiga kwa Wajerumani, ndizo zinazofaa Normandy, Ufaransa, 1944. Ukizirundika kwenye Libya ya 1941 mtu anayejua atacheka.

Rangi nayo hufuata tarehe. Kuanzia 1942 magari ya jeshi lililokuwa Uingereza yalipakwa kahawia iliyoitwa SCC 2. Aprili 1944 ikaja amri ya kijani-zeituni, SCC 15. Amri haikumaanisha kila gari lipakwe upya, kwa hiyo kahawia bado ilionekana Ufaransa kiangazi kile. Usiamini kifuniko cha sanduku. Tafuta picha ya wakati ule yenye tarehe. Imperial War Museum, makumbusho ya vita ya Uingereza, wana hazina kubwa ya picha, na ukifika Bovington hukohuko Uingereza, kwenye makumbusho ya vifaru, piga picha za chini na za nyuma, ambazo watu huzipita.

Ukishahamia kwenye vifaru utakutana na redio, Wireless Set No. 19. Nyingi za zile zilizotengenezwa Kanada zilikuwa na maandishi ya Kiingereza na Kirusi usoni, kwa kuwa nyingine zilipelekwa kwa Wasovieti. Kwa 1/35 herufi hizo hazisomeki hata kwa kioo cha kukuzia, kwa hiyo usinunue stika zake. Chovya ncha ya sindano kwenye rangi nyeupe, weka nukta chache, funga kifuniko cha tareti, ule mnara wa juu wa kifaru unaobeba mzinga.