Kuezua Nyumba na Sisi Tumo Ndani

SWALI: Shikamoo Babu Fundi. Tunaishi Uyole, Mbeya, kwenye nyumba aliyoiacha baba mkwe. Mwezi wa sita, mvua zikiwa zimekatika, tunataka kuezua tuweke mabati mapya, na papo hapo tubomoe jiko tulipanue. Tupo mimi na mume wangu, mama mkwe anayesumbuliwa na kifua, binti wa darasa la saba, mdogo wake, na kichanga cha miezi mitano. Fundi anasema tukae tu, atafanya haraka. Mume wangu anasema kupanga chumba ni kutupa hela. Upande wa jiko bado una yale mabati ya zamani ya kijivu, mazito, yanayovunjika kama kigae. Tujiandaeje?
Mama Kichanga, Uyole

JIBU: Marahaba, mwanangu. Haraka ya fundi naifahamu, maana kazi yangu ilikuwa hiyo hiyo. Hata aliye mwaminifu hukwama: mbao hazijafika kutoka Mafinga, hela ya awamu ya pili haijapatikana, saidia fundi kaenda msibani Rungwe. Siku alizokutajia zizidishe mara mbili, ndipo upange maisha yako.

Hayo mabati ya kijivu yamenifanya niisome barua yako upya. Kwa ulivyoyaeleza, yanaweza kuwa ya asbestosi, yaani saruji iliyochanganywa na nyuzi za madini. Nyumba nyingi za zamani ziliezekwa hivyo. Yakiwa mazima na yametulia juu, hatari yake ni ndogo. Tabu inaanza kijana akiyapiga nyundo ili yashuke upesi. Nyuzi zake hazionekani kwa macho, zinaruka na vumbi, na anayezivuta anaweza kupata makovu ya mapafu au kansa miaka 20, 30 baadaye, wakati hakuna tena anayekumbuka paa la jiko. Kabla fundi hajapanda ngazi, mume wako aende halmashauri amwone afisa mazingira, aulize nani aliye na vifaa vya kuyashusha na yapelekwe wapi. Hayakatwi kwa msumeno. Yanaloweshwa maji, yanafunguliwa mazima, yanafungwa kwa nailoni nzito, na vumbi lake halifagiliwi kavu. Siku hiyo asiwepo mtu wa familia pale. Na nawajua watu wetu: vipande vitakavyobaki mtu ataviomba akajengee banda la kuku. Mnyime.

Sasa kukaa au kuhama. Paa na jiko visivunjwe pamoja. Fundi atapenda kubomoa vyote kwa mkupuo kwa sababu vijana wake wapo na siku inalipwa, lakini hapo mtakosa pa kulala na pa kupikia kwa wakati mmoja. Paa litangulie, jiko lifuate baada ya vyumba kuezekwa na dari kufungwa.

Kwa kipindi cha paa, pangeni chumba hapo hapo mtaani. Mama mkwe mwenye kifua na kichanga hawawezi kukaa kwenye vumbi la dari ya zamani, lenye masizi na mavi ya popo. Kichanga kinanyonya, kwa hiyo na wewe unaondoka. Binti pia, maana mtihani wake ni Septemba na mafundi hawanyamazi. Kama bibi mzaa mama yupo, likizo ya Juni yeye na mdogo wake waende kwake. Abaki mume wako, yule aliyesema kupanga ni kutupa hela, alale na mbao zake. Nyumba isiyo na paa ina wageni wengi usiku.

Mama mkwe usimpe taarifa tu kwamba anahamishwa; aulizwe kwanza. Hiyo ni nyumba ya mumewe, na kuiona ikivuliwa paa si jambo dogo kwake. Mwanaye aketi naye, amuulize kabati lipi liguswe na lipi lisiguswe.

Vyombo vyote vihamie chumba kitakachoezuliwa mwisho, vifunikwe turubai. Na kwa kuwa nyaya hupita juu ya kenchi, fundi umeme azime meinswichi kabla ya bati la kwanza kutoka. Mafundi wawekewe choo kimoja kinachojulikana, na suala la chakula chao liishe kwenye makubaliano ya bei, usije ukajikuta unasonga ugali wa watu wanane. Misumari iokotwe kila jioni.

Jiko likifikia zamu yake mtakuwa mmesharudi. Siku mbili kabla, simamisheni banda la kupikia uani: nguzo nne, mabati ya zamani (ya chuma, si yale ya kijivu), turubai upande wa upepo.

Na baridi ya Uyole ya Juni na Julai unaijua kuliko mimi. Mtatamani kuingiza jiko la mkaa ndani, iwe chumba cha kupanga chenye kidirisha kimoja, au nyumbani mlikoziba milango kwa nailoni kuzuia vumbi. Mkaa ukiwaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Mtu husinzia, asiamke. Mkaa usio na moshi, umebaki mwekundu tu, ndio huo huo. Jiko lisivuke kizingiti. Ongezeni mablanketi, na kichanga kivalishwe soksi na kofia.

SWALI: Babu, tunakarabati nyumba. Sitoo imejaa, mifuko ya saruji tumeilaza chumba cha watoto. Kuna ubaya?
Baba Neema, Makambako

JIBU: Upo, tena pande zote mbili. Vumbi la saruji likikutana na jasho au jicho linaunguza, na watoto watairukia mifuko hiyo kama kitanda. Saruji nayo inavuta unyevu, na chumba wanacholala watu kina unyevu usiku kucha. Itoe leo. Ipange juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, uifunike nailoni, kisha nunua ya wiki hiyo tu badala ya kurundika. Mfuko ulioganda mabonge yasiyopondeka kwa vidole usiupeleke kwenye zege.