Matajiri watatu, bei moja

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mvuvi wa Shela, Malindi. Hapa ufuoni tuna matajiri watatu wa samaki, ndio wanunuzi wetu. Nikishusha changu au kolekole, wote wananitajia bei ile ile ya kilo, na juma lililopita wote wameishusha siku ile ile. Je, wanakutana usiku kupanga? Sheria inasemaje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimenunua samaki pwani hiyo hiyo miaka kumi na mmoja, basi nikueleze bei inavyoonekana upande wa mizani.

Huenda wanakutana, huenda hawakutani. Zama zangu tulikuwa wanunuzi wawili na hatukuwahi kukaa kikao. Boksi la barafu la mwenzangu lilikuwa hatua ishirini tu kutoka langu. Nikiongeza shilingi kumi, kabla mashua ya pili haijatia nanga naye keshaongeza. Samaki walikuwa wale wale, ila nawalipia zaidi. Mara mbili nilijaribu, nikaacha. Wanunuzi wakiwa wachache, kila mmoja humtazama mwenzake kwanza, mvuvi baadaye. Mtaalamu wa hesabu Mfaransa, Joseph Bertrand, aliandika mwaka 1883 kwamba wauzaji wawili tu watosha kupunguziana bei mpaka faida iishe; kwa wanunuzi ingekuwa kupandishiana. Lakini hesabu yake yafaa kwa watu wanaokutana mara moja. Sisi tulionana kila alfajiri.

Sheria ya Ushindani ya Kenya ya 2010, kifungu cha 21, inakataza makubaliano ya kupanga bei, iwe ya kuuzia au ya kununulia. Lakini bei kufanana peke yake si makubaliano. Ukipata ujumbe wa simu, au mtu aliyekuwepo wakipanga, peleka kwa Mamlaka ya Ushindani.

Sasa nikuulize, maana hukuniandikia: nyavu ni za nani? Na mafuta ya mashine ulikopa kwa nani? Ikiwa ni kwa mmoja wa hao watatu, basi wale wawili waliobaki si wanunuzi wako hata kidogo. Samaki ana mwenyewe kabla hajaingia wavuni, na wao wanalijua hilo.

Tena samaki hangoji. Ikifika saa nne jua limepanda, jicho lake limeingia ukungu na matamvua yameanza kupoteza wekundu. Nilikuwa nikimwona mvuvi anabishana bei, nami nakaa nanywa kahawa yangu taratibu, najua baada ya saa moja atarudi mwenyewe. Nilifanya hivyo mara nyingi, na leo naona ilikuwa dhuluma.

Kwa hiyo kabla ya kuwafuata matajiri, ungana na wenzako wenye mashua tano sita, mnunue boksi kubwa na barafu yenu. Mtu anayeweza kulaza samaki usiku mmoja huzungumza kwa sauti nyingine. Na mtafuteni mnunuzi wa nne, hata mdogo. Mwaka mmoja alikuja kijana na pikipiki kutoka Watamu, akinunulia mkahawa mmoja, kilo thelathini tu kwa siku. Asubuhi ile ile mimi na mwenzangu tulipandisha bei kwa wavuvi wote.