Kazi iko kwenye "ndiyo"

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Wito wa kusitisha vita ukishatolewa, wapatanishi wafanye nini wakisubiri majibu?", limenirudisha huku kwetu Kasulu, Julai 1999.

Redio ilikuwa imetangaza kwamba marais wametia saini Lusaka kumaliza vita vya Kongo. Nilikuwa nimefuata suruali yangu kwa fundi, mama mmoja mkimbizi wa Uvira, mashariki mwa Kongo, aliyekuwa akishona sokoni, nje kidogo ya kambi ya Nyarugusu. Nikamkuta anaifunga cherehani yake ya mkono kwenye kitenge, tayari kurudi kwao. Alipofika kwenye fundo la pili akasita. "Bale beko na bunduki kule Uvira, nabo balisaini?" Redio ilitaja nchi sita: Kongo yenyewe, Angola, Namibia, Zimbabwe, Rwanda na Uganda. Waasi hawakuwemo. Akafungua fundo, akarudi kwenye pindo la suruali yangu.

Ndipo ninapoanzia. Wapatanishi hukesha wakijiandaa kwa "hapana": vikwazo gani, nani ampigie nani simu, tamko la kulaani lisomeke vipi. Mimi naona "hapana" haina kazi kubwa, maana kila mtu anajua kesho yake. "Ndiyo" ndiyo inayowakuta mikono mitupu.

Tazameni Lusaka. Nchi sita zilisaini tarehe 10 Julai, kundi la waasi la MLC la Jean-Pierre Bemba likafuata 1 Agosti. Likabaki kundi jingine la waasi, RCD, nalo lilikuwa limepasuka: huku Ernest Wamba dia Wamba, profesa aliyefundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kule Émile Ilunga wa Goma. Hakuna kati yao aliyekataa kusaini. Waligombania kalamu! Kila mmoja alijiita ndiye RCD halisi. Nyuma ya Wamba alisimama Uganda, nyuma ya Ilunga Rwanda, na katikati ya Agosti majeshi ya nchi hizo mbili, yaliyoingia Kongo kama marafiki, yakatwangana mjini Kisangani. Dawa iliyopatikana ilikuwa ya ajabu kidogo: tarehe 31 Agosti waasisi wa RCD walisaini kwa makumi yao, ili asiwepo wa kusema yeye ndiye mwenye chama.

Sasa, mpasuko ule ulikuwa wazi tangu Mei. Dawa ile ingeweza kuwa kwenye faili kabla ya marais kupanda ndege kwenda Lusaka.

Na hata saini zilipotimia, nani wa kuzilinda? Mwezi huo wa Agosti Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliruhusu maofisa wa kijeshi wasiozidi 90, kwa nchi inayozidi Tanzania zaidi ya mara mbili kwa ukubwa. Idhini ya askari 5,537 ilikuja Februari 2000. Juni mwaka huo Kisangani ikapigwa tena, siku sita mfululizo.

Waliofanya vizuri zaidi nawaona kwenye vita vya Irani na Iraki. Azimio nambari 598 la Baraza la Usalama, la kutaka mapigano yasimame, lilipitishwa 20 Julai 1987. Iraki ikakubali upesi. Irani haikukubali wala haikukataa, na mwenye haraka angeandika "wamegoma" akafunga faili. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Javier Pérez de Cuéllar, hakufunga. Alikwenda Tehran na Baghdad, akaendelea kuandika hatua za utekelezaji kana kwamba jibu liko njiani. Lilichukua mwaka mzima. Julai 1988 Irani ikakubali, kiongozi wake Khomeini akisema kwake ni kama kunywa sumu, na hapo ikaonekana kwamba "ndiyo" ya Iraki ilishachacha: Rais wake Saddam akataka kwanza mazungumzo ya ana kwa ana, huku majeshi yake yakisonga. Alilegea Agosti. Lakini tarehe 20 Agosti mapigano yaliposimama, waangalizi wapatao 350 walikuwa wamepangwa tayari.

Yetu ya juzi sitayarefusha. Februari 2025 waasi wa M23, mashariki mwa Kongo, walitangaza wenyewe kusitisha mapigano kuanzia tarehe 4. Tarehe 5 walikuwa wameuteka mji wa Nyabibwe. Tarehe 8 wakuu wa nchi za EAC na SADC walikutana Dar es Salaam, wakawapa wakuu wa majeshi siku tano wakutane kushauri namna ya kusimamisha vita. Kufikia tarehe 16 mji wa Bukavu ulishaangukia mikononi mwao.

Ningekuwa na sauti, kabla wito haujasomwa mbele ya kamera ningedai karatasi moja kwa kila upande: nani atasaini, akikataa nani badala yake, nani anayetiiwa kweli na vijana walioko kwenye vizuizi vya barabarani, na ni nani atakayekuwa amesimama pale kesho yake asubuhi na darubini. Hotuba iandikwe baadaye.

Waasi waliposaini mwishoni mwa Agosti, nilipita kwa yule mama kumpa habari. Akaniuliza nani hasa aliyesaini. Nikamwambia wengi, karibu wote. Akacheka, akaendelea kuzungusha gurudumu la cherehani.

"Bote? Basi hakuna mukubwa."