Jibu: Kulipita semi (lori refu la trela) kwenye barabara ya njia mbili

Habari ndugu. Nilivyokusoma, uko nyuma ya semi linalokwenda kilomita 60 kwa saa, unachungulia, unatoka, kisha unarudi kwa hofu. Cha kwanza kuangalia ni umbali wako: umelikaribia mno. Rudi nyuma hadi uvione vioo vyake vyote viwili vya pembeni. Usipoviona, dereva wake hakuoni, na wewe huoni mbele.

Sasa hesabu. Ukipita kwa 80, unalizidi kwa mita 5 na nusu tu kila sekunde. Semi lina kama mita 18, weka nafasi ya mita 20 nyuma na 20 mbele: ni sekunde 11 upande usio wako. Utakuwa umekwenda karibu mita 250, na anayekuja kwa 80 vilevile. Unahitaji nusu kilomita tupu kabisa, na jicho geni hapo hudanganyika sana.

Mstari usiokatika upande wako, mlima, kona, daraja: subiri tu. Pakiwa wazi: kioo cha kati, cha kulia, indiketa, geuza shingo kulia (bodaboda hujificha hapo), shusha gia moja, toka. Rudi kushoto ukiliona lori zima kwenye kioo cha kati. Gari la mbele yako likipita, usiunge mkia, pima upya mwenyewe.

Indiketa ya lori usiitegemee. Ya kulia yaweza kumaanisha "usipite", au kweli anakata kulia. Ya kushoto inakuruhusu, lakini pengine anaegesha tu.