Re: Dokyumentari ya kuanzia kuhusu ubaguzi Marekani

Mkuu, umeuliza uanze na dokyumentari gani kuhusu mauaji ya weusi Marekani enzi za kudai haki, na kama huwa wanaigiza. Anza na 4 Little Girls ya Spike Lee, 1997, hamna waigizaji humo, ni wazazi na ndugu wanaongea wenyewe. Inahusu bomu la kanisani Birmingham, Alabama, 15 Septemba 1963, mabinti wanne wakafa, watatu wa miaka 14 na Denise McNair wa 11. Baba yake Denise anasimulia alivyoenda naye dukani, mtoto akasikia harufu ya vitunguu vinakaangwa akataka sandwichi, ikabidi amwambie hawezi kuuziwa kisa ni mweusi, aisee kile kipande kwangu kinauma kuliko hata mlipuko. Halafu yupo George Wallace, gavana wa Alabama wakati ule aliyetetea ubaguzi, sasa mzee mgonjwa, anamuita msaidizi wake mweusi mbele ya kamera eti ndo rafiki yake mkubwa, jamaa mwenyewe uso umemkauka 😂

Picha za mochwari zipo, zinapita chapchap, ila watoto wakalale kwanza. Wauaji wawili walihukumiwa 2001 na 2002, filamu ishatoka kitambo.