Nyanya za kitalu nyumba: anza hesabu kwenye ua, siyo kwenye mbegu

Nyuma ya pakiti nyingi za mbegu pameandikwa mwezi wa kusia. Aliyeuandika hajui kama kitalu nyumba chako kimeezekwa kwa kioo au kwa nailoni, kama kina dirisha paani, wala kama usiku unakitia joto. Uweke kando mwezi huo kwanza. Nyanya ikipata joto na unyevu huota karibu wakati wowote. Kinachowashinda wengi ni ua kutunga tunda, na hapo ndipo hesabu inapoanzia.

Ua la nyanya hutunga vizuri mchana ukiwa kati ya nyuzi 21 na 29 za Selsiasi, na usiku kati ya 15 na 20. Mchana ukivuka 32 kwa siku kadhaa mfululizo, chavua inaharibika. Usiku ukishuka chini ya 13, chavua haikomai sawasawa. Dalili ni ileile pande zote mbili: kikonyo kinageuka manjano kwenye kifundo chake na ua linadondoka likiwa zima. Watu huona joto la mchana kwa sababu wanalihisi ngozini, lakini usiku unaobaki juu ya 24 nao huangusha maua, na huo hakuna anayeuhisi kwa kuwa amelala.

Kwa hiyo nunua kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini. Kitundike mita moja na nusu kutoka ardhini, katikati ya kitalu, ukikikinga na jua la moja kwa moja, uandike namba zake kila asubuhi kwa wiki mbili. Usishangae ukikuta kitalu cha nailoni kisicho na joto la ziada, usiku wa anga lisilo na mawingu, kina baridi sawa na nje. Nailoni nyembamba hupitisha joto la udongo likapotea angani. Kitalu kama hicho kinakuongezea joto la mchana, na mara nyingi hilo ndilo ulilokuwa nalo tayari.

Sasa hesabu kurudi nyuma. Katika nyuzi 20 hadi 25, ua la kwanza hufunguka wiki 7 hadi 9 baada ya kusia. Tuseme namba zako zinaonyesha kwamba usiku utakuwa umetulia juu ya 13 kuanzia tarehe 1 Aprili. Rudi nyuma wiki 8 na utafika tarehe 4 Februari. Hiyo ndiyo siku ya kusia. Kisha hesabu kwenda mbele. Kichala kipya cha maua hufunguka kila baada ya siku 7 hadi 10, na tunda la ukubwa wa kati huchukua wiki 6 hadi 8 kutoka ua hadi wekundu, nyanya ndogo wiki 5 au 6. Kama muda wako wa hali nzuri ni wiki 8, tegemea vichala sita au saba vya maana. Vitakavyochanua baada ya hapo usiviwekee matumaini.

Kuna mtego mmoja katika hesabu hii. Zile “siku 75” za kwenye pakiti kwa kawaida zinahesabiwa tangu kupandikiza, siyo tangu kusia. Ongeza siku 35 hadi 45 za kukuza mche kabla ya kupandikiza, na mahali pa baridi penye mwanga hafifu zaidi ya hizo.

Palipo na majira ya baridi, kosa la kawaida ni haraka. Mche uliosiwa mapema mno katika siku fupi hurefuka kama uzi, shina likawa jeupe, kisha ukakaa kwenye kikopo ukisubiri udongo upate joto huku mizizi ikijizungusha. Uliosiwa wiki mbili baadaye huukuta njiani na kuupita. Pandikiza pale usiku wa ndani usiposhuka chini ya nyuzi 10, na udongo kwa kina cha sentimita 10 ukisoma 15 alfajiri. Palipo na joto mwaka mzima, kazi ni kuukimbia mwezi mkali kuliko yote usikutane na vichala vya kwanza. Ikibidi mwezi huo uangukie sehemu fulani, heri uangukie matunda yaliyokwisha kutunga, ingawa kuna gharama: juu ya nyuzi 30 rangi nyekundu haijitengenezi vizuri, na nyanya inaiva ikiwa na rangi ya chungwa. Neti ya kivuli ya asilimia 30 wakati wa mchana husaidia. Neti nzito sana hupunguza maua.

Kusia kwenyewe si kugumu. Gramu moja ina mbegu 300 hivi, kwa hiyo kitalu cha nyumbani hakihitaji hata nusu yake. Sia mbegu moja kwa kila tundu la trei, kina kisichozidi sentimita moja, kwenye mchanganyiko mwepesi usio na udongo wa kitalu cha zamani. Katika nyuzi 25 zinachomoza siku ya sita hivi, katika 15 zinachukua wiki mbili, na zikikaa muda huo wote kwenye unyevu wa baridi, nyingi huoza. Baada ya kuota punguza joto hadi 18–20 na uongeze mwanga. Mche wa kupandikiza uwe na majani kamili matano hadi saba na shina nene kama penseli.

Aina: pima kwanza urefu wa paa

Kabla ya ladha au rangi, chukua futi ya kupimia. Aina ndefu, zile zinazoendelea kukua bila kikomo, hupanda sentimita 20 hadi 30 kwa wiki zikishashika, na huachia kichala baada ya kila majani matatu. Chini ya paa la mita 2 utapata vichala saba hivi kabla ncha haijagusa nailoni na kuungua. Baada ya hapo utalegeza kamba inayoshikilia shina na kulilaza, au utakata ncha. Aina fupi, kama Roma, Rio Grande na Cal J, hujimaliza zenyewe kwa kuweka ua kwenye ncha na kuivisha matunda kwa pamoja ndani ya wiki chache. Wengi huzidharau kwa kuwa zimezoeleka shambani. Lakini kitalu kikiwa kifupi kama mtu, au muda mzuri wa maua ukiwa chini ya wiki tano, ndizo zinazofaa, ilimradi usizipunguze maotea, yaani machipukizi ya pembeni, kama unavyofanya kwa ndefu. Ukiyang'oa, umeng'oa mavuno.

Ukubwa wa tunda nao unaamua uvumilivu. Nyanya ndogo za gramu 15 hadi 20 hutunga hata hali ikiyumba, ndiyo maana kila kitalu kipya kinastahili kuwa nazo angalau miche mitatu. Sungold ni tamu sana, ila ngozi yake hupasuka ukimwagilia kwa kusahau na kukumbuka. Zenye umbo la yai, San Marzano ikiwemo, ndizo huongoza kwa kuoza kitako: kalsiamu haifiki mwisho wa tunda kwa sababu maji yanakuja kwa vipindi. Mara nyingi udongo unayo ya kutosha, na kumwaga chokaa juu yake hakutatibu umwagiliaji mbovu. Nyanya kubwa za gramu 300 kama Brandywine zinachelewa, zinazaa chache, na zikipata baridi wiki chache kabla ua halijafunguka hutoa matunda yenye makunyanzi na makovu. Zipande ukiwa umeshakijua kitalu chako.

Udongo wa kitalu nyumba hauhamishwi kila mwaka, kwa hiyo magonjwa hujilimbikiza. Kabla ya kutupa mashina ya msimu uliopita, yang'oe uyasome. Mizizi yenye vinundu kama karanga ni minyoo fundo. Shina lililonyauka majani yakiwa bado mabichi, likate na kulining'iniza kwenye glasi ya maji safi: uzi mweupe kama maziwa ukishuka ndani ya dakika chache, ni mnyauko bakteria. Ukilipasua na kukuta mistari ya kahawia isiyotoa uzi, fikiria fuzari, mnyauko unaoletwa na kuvu.

Ukishajua adui, soma herufi za kwenye pakiti. V ni ukinzani dhidi ya mnyauko wa vetisili (kuvu nyingine ya udongoni), Fol dhidi ya fuzari, na namba zinazofuata ni aina za fuzari hiyo. Ma, Mi na Mj, au N peke yake, ni minyoo fundo. TYLCV ni virusi vinavyokunja majani na kuletwa na inzi weupe. Pf ni ukungu wa majani, ambao katika kitalu kisichopitisha hewa huanza upande wa chini wa jani. HR ni ukinzani wa juu, IR ni wa kati. Na F1 si ugonjwa wowote, maana yake ni chotara, hivyo mbegu utakazokamua kwenye tunda lake hazitazaa mfano wa mama. Moneymaker si chotara, unaweza kuihifadhi mbegu yake, ila usiipande kwenye udongo wenye historia ya mnyauko. Tahadhari moja juu ya N: ukinzani huo hulegea udongo ukizidi nyuzi 28, kwa hiyo kwenye joto funika matuta kwa nyasi kavu. Kwa mnyauko bakteria usitegemee herufi. Badili udongo au tumia miche iliyounganishwa kwenye shina lenye ukinzani.

Kitalu cha mita 3 kwa 4 kinatosha miche 24 ya aina ndefu, mistari minne ya miche sita, njia ikipita katikati. Unaweza kuweka zaidi, na ukungu utakushukuru. Mgawanyo unaofaa familia ni miche 12 ya chotara ya ukubwa wa kati, sita ya nyanya ndogo, na sita iliyobaki usiisie pamoja na ya kwanza: isie wiki 6 baadaye, ili vichala vyake vianze pale vile vya mwanzo vinapochoka. Ndani hakuna upepo, hivyo tikisa kamba kila siku kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, chavua ikiwa kavu. Wiki 7 kabla ya mwisho wa msimu kata ncha zote, ukiacha majani mawili juu ya kichala cha mwisho ili kikingwe na jua. Na unaposia, ongeza trei matundu matano ya akiba, kwa sababu mche utakaokatwa na sota (kiwavi anayekata mashina) usiku wa tatu baada ya kupandikiza hauwezi kusubiri mbegu nyingine iote.