Kabla Hujafungua Dripu ya Pili kwa Majeruhi Anayevuja Damu

Nawaandikia wauguzi na matabibu wanaoanza kupokea majeruhi, kwa sababu katika chumba cha dharura nimeona mara nyingi mno chupa ya salaini (maji ya chumvi) ikifunguliwa kwa kasi kabla hajatokea mtu wa kutafuta damu inavujia wapi. Dripu ina kazi yake, nayo ni ya muda tu: kuushikilia mzunguko wa damu wakati wenzako wanaziba jeraha na benki ya damu inaandaa chupa za damu. Maji hayo hayabebi oksijeni wala hayana vigandishi vya damu, na sehemu yake kubwa huiacha mishipa na kuingia kwenye tishu muda mfupi baada ya kupita kwenye kanula, yaani mrija mdogo unaoingizwa mshipani.

Namkumbuka kijana mmoja mwenye jeraha la kina pajani. Presha yake ya juu (namba ya kwanza kati ya mbili za kipimo) ilikuwa 80, na baada ya lita moja ya haraka ilipanda hadi 110, hata waliomzunguka wakashusha pumzi. Nilipoitazama bandeji niliona imeanza kulowa upya, na damu iliyopenya ilikuwa nyepesi, ya rangi ya waridi, isiyoganda hata pembezoni mwa kitambaa. Vidole vyake vilikuwa vya baridi naye alikuwa akitetemeka. Presha iliyopanda ilikuwa imelisukuma bonge la damu lililoanza kuziba mshipa, huku maji yakivizimua vigandishi vilivyobaki na kuupoza mwili. Na mwili uliopoa, damu yenye asidi nyingi na damu isiyoganda ni mambo matatu yanayochocheana hadi kumwua mtu. Kilichomsaidia ni mkanda uliokazwa pajani, upande wa juu wa jeraha, kisha damu.

Kwa hiyo nashauri kipimo kidogo. Kwa mtu mzima lita moja ndiyo ukomo wa kuanzia, nami hupenda kuigawa katika mililita 250, nikipima upya kila mara na kuridhika na presha ya juu ya 80 hadi 90 mpaka damu izuiwe. Aliyeumia kichwa hafuati kanuni hii hata kidogo, kwani ubongo uliojeruhiwa hauvumilii presha ya chini. Kwake lenga 110 au zaidi. Asidi ya traneksamiki, dawa inayosaidia bonge la damu lisiyeyuke, gramu 1 kwa dakika 10, itolewe mapema iwezekanavyo na isivuke saa 3 tangu ajali: utafiti mkubwa wa CRASH-2, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba inapunguza vifo, na kwamba ikichelewa huweza kudhuru.

Kuhusu aina ya maji, kwa majeruhi wengi nachagua Ringer's lactate, maji ya dripu yenye mchanganyiko wa chumvi kadhaa. Salaini ya asilimia 0.9 ina milimoli 154 za kloraidi kwa lita, ilhali plazima (sehemu ya majimaji ya damu) ina takriban 100, na ziada hiyo ikiingia kwa wingi huongeza asidi kwa mtu ambaye tayari amelemewa nayo. Ringer's ina 109. Hata hivyo sodiamu yake ni 130 tu, kiasi kinachoweza kuruhusu maji kuelekea kwenye ubongo uliovimba, na ndiyo maana aliyeumia kichwa nampa salaini. Salaini humfaa pia aliyebanwa misuli chini ya kifusi, kwa kuwa Ringer's ina potasiamu, na misuli iliyopondwa huimwaga potasiamu kwa wingi ndani ya damu. Usiipitishe Ringer's katika mpira mmoja na damu, kwani kalsiamu yake huweza kuigandisha damu iliyohifadhiwa kwa sitreti, kemikali inayoizuia isigande. Dekstrozi (maji ya sukari) ya asilimia 5 haina nafasi hapa.

Maji yapashwe moto hadi nyuzi 37 hadi 39, na yapite kwenye kanula mbili fupi na nene. Mishipa ikikataa, tumia sindano ya mfupa, inayopitisha maji ndani ya uboho, bila kupoteza muda.

Baada ya kila mililita 250, gusa mapigo ya kifundo cha mkono, mwite mgonjwa kwa jina, tazama bandeji na tumbo, kisha andika jumla ya maji aliyopata. Presha ikipanda halafu ikashuka tena, bado anavuja damu mahali fulani. Hapo mpigie daktari wa upasuaji na benki ya damu kabla mkono wako haujagusa chupa nyingine.